Oliva Ni Mmoja Tu

Oliva alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa Lizaboni, mjini Songea, kando ya duka la vipuri vya pikipiki. Kusuka rasta huchukua muda mrefu, na mteja hukaa mpaka miguu inakufa ganzi. Kwa hiyo Oliva alikuwa akiimba. Aliimba nyimbo za kanisani, aliimba za redioni, na siku nyingine aliimba za kwake mwenyewe, alizozitunga huku vidole vikiendelea na kazi.

Wimbo mmoja wateja waliupenda kuliko nyingine zote. Ulimhusu mwanamke aliyeachika, akarudi kwa mama yake Mpitimbi na mfuko mmoja wa nguo.

Nimerudi mama, usiniulize,
Nipe ugali nile, kesho nitasema.

Oliva mwenyewe hakuwa ameachika. Mumewe, Osmund, alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu mpole asiye na maneno mengi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Adela, aliyekuwa darasa la pili. Lakini Oliva alimwona mama yake mdogo akirudi nyumbani namna ile, na hakusahau.

Siku moja alikuwa anamsuka Tabu, mwanamke aliyeuza vitenge sokoni. Tabu akatoa simu.

"Dada Oliva, nikurekodi?"

"Rekodi, lakini usioneshe miguu yangu. Ina vumbi."

Tabu akarekodi, akawatumia rafiki zake. Rafiki zake wakawatumia wengine. Haukupita muda mrefu, watu wakaanza kumsimamisha Oliva njiani. Wengine walimwambia wamelia. Mwanamke mmoja alisema ameisikia sauti yake Mbeya, kwenye simu ya abiria aliyekaa naye kwenye basi.

Osmund alifurahi kimya kimya. Akampeleka mkewe kwenye studio ndogo Majengo, wakarekodi wimbo wote vizuri, na fundi wa studio akauweka kwenye ukurasa wa studio yake. Oliva hakuwa na ukurasa wake. Simu yake aliitumia kwa WhatsApp tu, kuongea na wateja.

Zuhra, jirani yao, alimwambia mapema. Zuhra alikuwa mwenyeji wa Nakapanya kule Tunduru, lakini alipanga nyumba moja na kina Oliva, kwa kuwa alikuwa mtangazaji wa redio hapo mjini.

"Fungua ukurasa wako mwenyewe, dada," alisema. "Watu wanakutafuta."

"Nitafungua, Zuhra. Wiki hii nina wateja wa harusi."

Wiki ile ikapita, na nyingine nyingi zikapita.

Asubuhi moja Tabu alikuja kibandani, lakini si kusukwa. Alisimama mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada Oliva," alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Nini?"

"Habari ya Adela. Moyo."

Oliva aliweka kitana chini. Asubuhi ile alikuwa amemwacha Adela shuleni, akiwa mzima, akilalamika kwamba soksi zinambana.

"Adela ana nini?"

Tabu akamwonesha simu. Kulikuwa na ukurasa wenye picha ya Oliva. Ilikuwa picha aliyopigwa kule studio, ameshika maiki. Jina lilikuwa lake. Wimbo ulikuwa wake. Chini yake iliwekwa picha ya Adela akiwa na gauni la komunyo, na maandishi: "Ndugu zangu, mwanangu ana tatizo la moyo, anahitaji upasuaji haraka. Mlionipenda kwa wimbo, nisaidieni mama mwenzenu." Kisha namba ya kutuma pesa.

Oliva alisoma mara mbili. Picha ya gauni la komunyo aliiweka yeye mwenyewe kwenye wasifu wake wa WhatsApp, ili ndugu waione. Sasa mtu asiyemjua alikuwa ameichukua na kumtamkia mtoto wake ugonjwa.

"Huyu si mimi," alisema.

Tabu akarudisha simu mkobani. "Mimi nimeshatuma," alisema. "Na wenzangu wa sokoni wametuma."

"Tabu, sijapokea kitu. Adela yuko shule."

"Sawa, dada," Tabu alisema. Lakini alisema taratibu, kama mtu ambaye hajui aamini lipi. Akaondoka.

Oliva alifunga kibanda, akaenda shuleni karibu kukimbia. Alimwona Adela uwanjani, anaruka kamba. Alisimama kwenye uzio akamwangalia mpaka kengele ikalia. Hakumwita. Aliogopa mtoto angemwuliza kwa nini analia.

Njiani simu iliita. Alikuwa mama yake, kutoka Mpitimbi.

"Mwanangu, mjukuu wangu anaumwa moyo na wewe unanificha?"

"Mama, haumwi."

"Usinidanganye. Jana jumuiya nzima ilichanga. Mzee Joachim ndiye aliyetuma hiyo pesa, kwa simu yake."

Mzee Joachim alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, mtu mzima mwenye sauti nzito, ambaye hakupenda mchezo katika mambo ya watu. Oliva alisimama katikati ya njia. Pikipiki ikampigia honi.

"Mama, mwambie ni matapeli."

"Nimwambieje? Jina ni lako. Picha ni yako. Hata sauti inayoimba pale ni yako."

Jioni Osmund alirudi, akaelezwa. Alichukua simu, akapiga ile namba. Mwanamume alipokea, kwa adabu kabisa.

"Karibu. Unaongea na meneja wa Oliva."

"Mimi ni mume wa Oliva," Osmund alisema.

"Samahani kaka, mume wa Oliva tunamfahamu. Siku hizi matapeli wamezidi. Tafadhali usitusumbue."

Simu ikakatwa. Osmund alibaki ameishika.

"Basi, uimbaji uishe," alisema Osmund. "Futa kila kitu. Badilisha hata laini. Tukae kimya, watu watasahau."

Oliva hakubisha. Siku zilizofuata hakufungua kibanda. Alijifungia ndani, na kila simu ilipolia, alishtuka. Alisikia wanawake wakizungumza bombani, wakanyamaza alipotoka na ndoo. Mmoja alimsalimia, kisha akauliza, "Na mgonjwa?" Oliva hakujua kama ni huruma au kejeli. Adela aliporudi kutoka shuleni aliuliza, "Mama, eti nitapasuliwa?" Mtoto mwenzake ndiye aliyemwambia.

Hapo ndipo Zuhra alipobisha hodi. Alikuwa ametoka safari ya kikazi Namtumbo na alikuwa amesikia yote njiani. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa.

"Subhanallah. Wametumia hata mtoto," alisema. "Haya. Mmefanya nini mpaka sasa?"

"Tumeamua kukaa kimya," alisema Osmund.

"Shemeji, nikuulize. Leo mtu akiwa Mbeya au Dodoma, akamtafuta Oliva mtandaoni, atamkuta wapi?"

Osmund akafikiri. "Kwenye ule ukurasa wa tapeli."

"Kwingine?"

"Hakuna."

"Basi ninyi mkinyamaza, anayebaki kuongea ni yeye. Yeye ndiye Oliva. Watu walikuja kumtafuta dada, wakagonga, hakuna mlango wake. Jirani mwizi akawafungulia wa kwake."

Oliva alijifuta uso kwa khanga. "Zuhra, mimi naogopa. Nikijitokeza, si watasema ninajitetea kwa sababu nimekula pesa?"

"Wapo watakaosema. Lakini ukijificha watasema wote."

Kisha Zuhra akawaelekeza, jambo baada ya jambo, bila haraka. Jambo la kwanza, wasimpigie tena yule mtu wala kumtisha. "Akijua amegundulika, atafuta kila kitu, na mtabaki bila ushahidi." Akamwonesha Oliva namna ya kupiga picha ya skrini: jina la ukurasa, picha ya Adela, maandishi, namba ya simu, na tarehe ionekane. Wakahifadhi zote, na Zuhra akazihifadhi pia kwenye simu yake.

"Kesho mnakwenda polisi na hizi picha. Na ile namba ya pesa mnaipeleka kwenye kampuni ya simu, mnasema inatumika kwa utapeli. Halafu ule ukurasa tunauripoti kwa wenye mtandao. Angalia hapa, kuna sehemu ya kusema mtu huyu anajifanya mimi. Ripoti wewe, kisha waombe na wanaokufahamu waripoti. Mmoja hasikiki sana. Wengi wanasikika."

"Pesa za watu zitarudi?" Oliva aliuliza.

Zuhra hakumdanganya. "Sijui, dada. Wakiwahi kuizuia, labda. Mara nyingi inakuwa imeshatolewa."

Jioni hiyohiyo walifungua ukurasa wa Oliva, kwa laini yake mwenyewe. Ilipofika kwenye neno la siri, Oliva alitaka kuandika jina la Adela.

"Hapana," alisema Zuhra. "Jina la mtoto kila mtu analijua sasa. Weka kitu ambacho hata mimi siwezi kukibahatisha. Na washa huu ulinzi wa pili, ili mtu akitaka kuingia, namba ya uthibitisho ije kwenye simu yako. Namba hiyo usimpe mtu. Hata akisema ni mimi."

Kazi ngumu ilikuwa video. Oliva alikaa mbele ya simu. Alianza, akakwama. Akaanza tena, akalia. Osmund, ambaye siku zote hakupenda kuonekana, akaja akakaa pembeni yake kwenye mkeka.

"Sema tu kama unavyomwambia mteja," alisema.

Oliva akavuta pumzi. "Mimi ni Oliva, msusi wa Lizaboni, Songea. Mimi ndiye niliyeimba Nimerudi Mama. Mwanangu ni mzima. Sijaomba mchango kwa mtu yeyote, na sina meneja. Aliyetuma pesa ametapeliwa kwa jina langu, na mimi inaniuma. Huu ndio ukurasa wangu. Mwingine wowote si mimi." Kisha, bila kupanga, akaimba mistari miwili ya wimbo. Sauti ilikuwa imekwaruza. Zuhra alisema wasiirudie.

Kesho yake walikwenda polisi, wakaandikisha maelezo. Lakini jambo lililomnyima Oliva usingizi lilikuwa Mpitimbi. Kule watu hawakuwa na habari ya ukurasa mpya. Walikuwa na habari ya pesa yao.

"Twende Jumapili, sote watatu," alisema Oliva.

"Wakitufokea mbele ya mtoto?" Osmund aliuliza.

"Watufokee. Wamwone."

Jumapili walifika Mpitimbi, kwenye kanisa dogo la kigango, kabla ya ibada. Mama yake Oliva aliwapokea, akamkagua Adela kichwa mpaka miguu, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akacheka. Wengine walikaa mbali. Baada ya ibada katekista aliwaomba watu wasitoke. Oliva akasimama mbele. Alimshika Adela mkono.

"Shikamooni wazee wangu. Mlichanga kwa ajili ya huyu mtoto. Mtoto mwenyewe ni huyu. Hajawahi kuumwa moyo. Pesa ile imekwenda kwa mwizi, nami sikuigusa."

Kisha Mzee Joachim akainuka.

"Binti, mimi niliongea na mume wako kwenye simu. Alinishukuru. Aliniita baba."

Watu wakageuka kumtazama Osmund. Osmund akasimama polepole.

"Shikamoo baba," alisema. "Hiyo sauti uliyoisikia ndiyo hii yangu?"

Mzee Joachim alimtaka aseme tena. Osmund akasema tena, akaongeza jina lake na la baba yake na mahali alipozaliwa, kwa Kingoni, kama walivyozungumza nyumbani. Mzee akainamisha kichwa.

"Yule alikuwa anaongea haraka haraka, Kiswahili cha mjini kitupu," alisema. "Nilijiambia, huyu kijana siku hizi amependa mji." Bibi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. "Nimedanganywa mimi, na nimewadanganyisha wenzangu."

"Hela zetu je?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Siwezi kuahidi kwamba zitarudi," alisema Oliva. "Nimeripoti polisi. Walisema waliotuma nao wakatoe maelezo, kesi ipate nguvu."

Mtu wa nyuma alitoka akinung'unika, na wengine wawili wakamfuata. Haikuwa rahisi kuwaona wakiondoka. Lakini Mzee Joachim alichukua kofia yake.

"Ujumbe wa muamala bado ninao kwenye simu," alisema. "Jumatatu nakuja mjini. Tutakwenda wote."

Ule ukurasa wa uongo haukuondoka siku hiyo, wala wiki hiyo. Tabu aliwaambia wauza vitenge wote, wakauripoti. Zuhra akamwalika Oliva redioni, akaeleza mwenyewe yaliyompata, na wasikilizaji wakauripoti. Asubuhi moja Oliva aliutafuta hakuukuta. Alikaa kitandani na simu mkononi, akasubiri kufurahi. Furaha haikuja, ila aliweza kula.

"Sasa nifanye nini?" alimwuliza Zuhra. "Niendelee au niache?"

"Unataka kuacha?"

Oliva akatikisa kichwa.

"Basi tuanze kazi yenyewe. Mpaka sasa wimbo ulikuwa unatembea peke yake. Sasa lazima nawe utembee nao."

Zuhra alimfundisha kwa miezi, kidogo kidogo, wakati anasukwa. Kwanza wakaenda kuongea na fundi wa studio. Walikubaliana kwa maandishi kwamba wimbo ni wa Oliva, na kwamba fundi atapata fungu lake kwa kazi aliyofanya. Fundi hakukataa; ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha Oliva akajisajili kama msanii kwenye baraza la sanaa, na nyimbo zake akazisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, ili siku mtu akizichukua awe na pa kusimamia. Zuhra akamwonesha pia kampuni zinazosambaza muziki kwenye mitandao ya kusikiliza nyimbo, ambako msanii hulipwa kidogo kidogo kadiri anavyosikilizwa.

"Soma mkataba wote kabla ya kukubali," alisema. "Usipoelewa, niite. Wakitaka umiliki wa nyimbo zako, kataa."

Siku moja kijana aliandika kwamba, akilipwa, atamletea Oliva wafuasi maelfu kwa usiku mmoja. Oliva alivutika. Wafuasi wake walikuwa wachache, na wasanii wengine aliowaona walikuwa na wengi mno.

"Hao si watu, dada," alisema Zuhra. "Ni majina ya kutengeneza. Hawasikilizi, hawaji kwenye onesho, hawakualiki kwenye harusi. Na wenye mtandao wakigundua, wanakufungia. Afadhali wanawake mia wanaokujua."

"Nitawapataje?"

"Unao. Wajibu."

Hilo Oliva hakuwa analifanya. Watu walikuwa wakimwandikia, naye akisoma na kupita, kwa aibu. Akaanza kujibu. Kila Ijumaa, akiwa anasuka na mteja ameridhia, alirekodi kipande kifupi cha wimbo, msuko wa twende kilioni ukionekana na vidole vyake vikienda. Aliwauliza wasikilizaji wanatoka wapi. Wakajibu Lusewa, Mbinga, Makambako, Dodoma. Wengi walikuwa wanawake wa rika lake. Mmoja akaandika, "Na mimi nilirudi, mama hakuniuliza." Oliva akamwimbia jina lake Ijumaa iliyofuata. Wakaanza kumwalika: harusi Bombambili, kipaimara Namtumbo, sherehe ya kikundi cha kuweka akiba. Hakuwa tajiri. Lakini aliimba mbele ya watu, akalipwa, na watu walijua wamlipe nani.

Hofu haikuisha yote. Simu ikilia asubuhi mapema, bado mwili wake ulishtuka.

Na siku moja, msimu wa kuvuna mahindi, jambo lile likarudi. Oliva alikuwa kibandani anamfumua mteja nywele, simu ikaanza kutetemeka juu ya kiti. Ujumbe, mwingine, mwingine. Akaifungua. Kulikuwa na ukurasa mpya, wenye jina lake na picha yake. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa, eti amelazwa, anaomba msaada.

Akaketi chini. Alitaka kumpigia Zuhra, kisha akaona maandishi yaliyokuwa chini ya tangazo. Akaanza kuyasoma.

"Huyu siye. Oliva hana meneja."

"Jana aliimba laivu, ni mzima. Ripotini huu ukurasa."

"Nimeshauripoti. Wa kweli ni huu hapa," na mtu ameweka jina la ukurasa wake.

Walikuwa wengi. Tabu alikuwemo. Mzee Joachim alikuwemo, ameandika kwa herufi kubwa tupu. Wengine Oliva hakuwajua hata kwa majina. Kabla ya jioni ukurasa ule ulikuwa umeondolewa.

Kulikuwa pia na ujumbe kwenye ukurasa wake mwenyewe, kutoka kwa mwanamke wa Tunduru aitwaye Aisha. Hawakuwahi kuonana. Aliandika hivi: "Dada Oliva, asalaam aleikum. Nimeona wanasema umelazwa. Sijatuma kitu. Nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

Oliva alisoma, akasoma tena. Mikono ilikuwa na mafuta ya nywele, akaifuta kwenye gauni.

"Mimi mzima, dada yangu," aliandika. "Asante kwa kuniuliza."

Kisha akamgeukia mteja wake, aliyekuwa amekaa na nusu ya kichwa imefumuliwa, akichungulia simu.

"Kuna nini?" mteja aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Oliva. "Inamisha kichwa, tuendelee."